Je, Wajua? Mizani Iliyofichwa Ndani ya Betri ya Moyo

Mtu wa Namtumbo aliyewekewa betri ya moyo katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, amebeba chini ya ngozi, karibu na mtulinga, kifaa kisichochajiwa. Nguvu ikiisha anapasuliwa tena: kasha lote hutolewa na kuwekwa jipya, nyaya ziendazo moyoni zikiachwa kama bado nzima. Na kufika huko, kupitia Songea, Makambako na Iringa, ni zaidi ya kilomita 900.

Hesabu yake ni kali. Kifaa kikitumia maikroampea 10, betri ya ampea-saa 1 hufika miaka 11. Matumizi yakiongezeka maradufu, haifiki hata 6. Kuushtua moyo lazima kule umeme. Pa kubania ni kwenye kuusikiliza, kazi isiyokoma usiku na mchana.

Msikilizaji ni kigeuzi, saketi inayopokea volti na kutoa namba. Hufanya kazi kama muuza duka mwenye mizani ya mawe. Huanza na jiwe kubwa, nusu ya uzito wote anaoweza kupima. Mzigo ukilizidi, jiwe hubaki. Likiuzidi mzigo, huondolewa. Kisha jiwe la robo, la thumni, hivyo hivyo. Mara 10 tu zinatosha kutenganisha ngazi 1,024! Mawe hapa ni kapasita. Ikishapatikana namba, saketi hulala hadi zamu ijayo, na kwa kuwa moyo hauna haraka kwa vipimo vya elektroniki, usingizi huo ni mrefu.

Mwaka 1954 Mmarekani Bernard Gordon alileta sokoni kigeuzi cha aina hiyo, DATRAC. Kilijaa valvu za kioo, kilikuwa na uzito wa kilo 68 hivi na kilikula wati 500, ingawa, tukiwa waadilifu, kilipima mara 50,000 kwa sekunde. Mwaka 2012 Dai Zhang na wenzake wa Chuo Kikuu cha Linköping, Sweden, walichapisha chao kwa ajili ya vifaa vya kupandikizwa mwilini: vipimo 1,000 kwa sekunde, nanowati 53.

Robo ya hizo 53 haikupima chochote. Ni umeme unaovuja kupitia transista zilizokwisha kuzimwa. Kadiri kigeuzi kinavyolala zaidi, ndivyo uvujaji unavyozidi kuwa sehemu kubwa ya bili, na wasanifu wengi sasa wanashughulika na huo.