Majengo na maeneo ya kihistoria ya Dar es Salaam

Majengo na maeneo ya kihistoria ya Dar es Salaam ni kumbukumbu za vipindi vinne vya mji huo: usultani wa Zanzibar, ukoloni wa Wajerumani, utawala wa Waingereza na miaka ya uhuru. Dar es Salaam ilikuwa makao makuu ya serikali tangu mwaka 1891, Wajerumani walipoyahamisha kutoka Bagamoyo. Mwaka 1973 chama cha TANU kiliamua kuyahamishia Dodoma, lakini uhamisho huo ulichukua miaka mingi.

Mengi ya majengo hayo yako kati ya bandari na Mnazi Mmoja, hivyo mgeni anaweza kuyatembelea kwa miguu.

Kipindi cha Sultani

Kabla ya mji kuwepo palikuwa na kijiji cha Mzizima. Katika miaka ya 1860 Sultani Majid bin Said wa Zanzibar alianza kujenga mji mpya kando ya bandari. Alifariki mwaka 1870, na ndugu yake Barghash aliyemrithi hakuendelea na kazi hiyo.

Boma la Kale, lililoko Barabara ya Sokoine, lilijengwa mwaka 1866-1867 kwa ajili ya wageni wa Sultani. Kuta zake ni nene, za mawe ya matumbawe. Dari imebebwa na boriti za mikoko, na milango ni ya kuchongwa, kama ilivyo katika miji mingine ya Waswahili. Baada ya kukarabatiwa, jengo hilo lilifanywa kituo cha maonyesho kuhusu urithi wa usanifu wa majengo ya mji.

Nyumba ya Atiman ni ya kipindi hichohicho. Baadaye ilinunuliwa na Wamisionari wa Afrika (White Fathers). Jina lake linamkumbuka Adrian Atiman, Mwafrika wa Magharibi aliyeuzwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa na wamisionari hao, akasomea uganga huko Malta na kutibu wagonjwa Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, kwa zaidi ya miaka 60. Alifariki mwaka 1956.

Kipindi cha Wajerumani

Kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu lilijengwa na Wabenedikto kuanzia mwaka 1897 hadi 1902 kwa mtindo wa Kigothi. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Wabenedikto Wajerumani walilazimika kuondoka, na nafasi yao ikachukuliwa na Wakapuchini kutoka Uswisi, ambao walihudumia pia Ifakara na Mahenge. Karibu na hapo liko kanisa la Kilutheri la Azania Front, lenye mnara na paa za vigae vyekundu.

Hospitali ya Ocean Road, kando ya bahari, ilifunguliwa mwaka 1897 kwa ajili ya Wazungu. Siku hizi ni taasisi ya matibabu ya saratani inayohudumia wagonjwa kutoka nchi nzima.

Kipindi cha Waingereza

Sanamu ya Askari ilizinduliwa mwaka 1927 katika makutano ya barabara ya Samora na mtaa wa Azikiwe. Ni kazi ya mchongaji Mwingereza James Alexander Stevenson. Inamwonyesha askari Mwafrika akiwa na bunduki yenye singe iliyoelekezwa bandarini. Maandishi yake ni ya Kiingereza na Kiswahili, na Kiswahili kimeandikwa kwa herufi za Kilatini na za Kiarabu. Mahali hapo palikuwa na sanamu ya gavana Mjerumani Hermann von Wissmann. Waingereza waliichukua, baadaye ikapelekwa Hamburg, ambako wanafunzi waliiangusha katika miaka ya 1960.

Sanamu hiyo inawakumbuka pia wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, ambao wengi wao walikufa kwa magonjwa na njaa kuliko kwa risasi. Jina la Kariakoo nalo limetokana na Carrier Corps, yaani kikosi cha wapagazi kilichokuwa na kambi hapo.

Makumbusho ya Taifa yalifunguliwa mwaka 1940. Humo zimo habari za fuvu la Zinjanthropus, lililogunduliwa na Mary Leakey huko Olduvai mwaka 1959.

Uhuru na baada yake

TANU ilianzishwa tarehe 7 Julai 1954 katika mtaa unaoitwa sasa Lumumba, jirani na Mnazi Mmoja. Nyumba ya Magomeni alimoishi Julius Nyerere wakati wa kudai uhuru imekuwa makumbusho. Ukumbi wa Karimjee ulitumiwa na Bunge kwa miaka mingi.

Kijiji cha Makumbusho, kando ya barabara ya Bagamoyo, kinaonyesha nyumba za asili za makabila mbalimbali ya Tanzania. Soko Kuu la Kariakoo, lililojengwa katika miaka ya 1970, lilibuniwa na msanifu Mtanzania Beda Amuli. Liliungua mwezi Julai 2021. Stesheni ya TAZARA ni mwanzo wa reli ya kilometa 1,860 iliyojengwa kwa msaada wa China kati ya 1970 na 1975. Reli hiyo inapita Ifakara na bonde la Kilombero hadi Kapiri Mposhi, Zambia.

Hifadhi

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Jengo la baada ya hapo halilindwi mpaka serikali ilitangaze rasmi. Magofu ya Kilwa na Kunduchi yanaingia katika kinga hiyo bila shida. Lakini Dar es Salaam ni mji mchanga: hata Boma la Kale, lililo kati ya majengo yake ya zamani kabisa, limechelewa kwa miaka mitatu tu.

Kwa sababu hiyo uhai wa majengo ya mji unategemea tangazo la serikali na nia ya wenye mali. Viwanja vya katikati ya mji vina thamani kubwa, na nyumba nyingi za ghorofa moja au mbili, hasa za wafanyabiashara wa asili ya Kihindi, zimebomolewa ili kupisha maghorofa marefu. Jengo likishabomolewa, tangazo la hifadhi haliwezi kulirudisha.