PLATRE IMETOKA, MKONO BADO



Mvua imenyesha, ngazi ina matope. Mguu unateleza, unatanguliza mkono, na uzito wote wa mwili unaangukia kiganja. Mfupa unavunjika karibu na kifundo cha mkono. Hutokea kazini, hutokea pia kwa mama anayeteleza katika lupango. Mganga Abraham Colles wa Dublin aliueleza mvunjiko huu mwaka 1814, kabla picha za radio hazijajulikana.

Hospitalini wanapiga picha, wananyoosha mfupa, wanafunga platre. Kisha unaambiwa: «Utarudi.» Lini? Kwa nini? Watu wamejaa mlangoni, infirmie ana haraka, nawe unaona haya kuuliza.

Nyumbani kila mtu ni mganga. Jirani anasema usisogeze hata kidole. Shemeji anasema toa platre, mzee fulani akukande. Rafiki wa kazi anasema beba vitu vizito ili upate nguvu. Wote wanakupenda, na wote watatu wanaweza kukuharibia mkono.

Basi shika haya.

SIKU ZA KWANZA. Vua pete mara moja. Weka mkono juu kuliko moyo. Usiku uulaze juu ya mto. Kunja na kunjua vidole mara nyingi kila siku, sogeza na bega: platre imefunga kifundo, haikufunga vidole. Usiiloweshe, usiingize kijiti ndani kujikuna.

Vidole vikifa ganzi, vikigeuka vyeupe au bluu, au maumivu yakizidi badala ya kupungua, rudi hospitali saa ile ile, hata usiku. Platre inayobana inaweza kuua nyama ya mkono kwa saa chache tu.

JUMA LA KWANZA NA LA PILI. Uvimbe ukishuka, platre inalegea na mfupa unaweza kuhama. Ndiyo sababu ya kupiga picha tena. Hawakukuambia? Uliza.

PLATRE IKITOKA. Mara nyingi ni baada ya majuma 5 au 6. Utashtuka: mkono umekonda, ngozi imekauka, kifundo ni kigumu kama bawaba yenye kutu. Usikate tamaa, wala usiufiche mkono mfukoni. Utie katika maji ya uvuguvugu. Kunja kifundo juu na chini. Geuza kiganja juu kama mtu anayepokea chumvi, kisha kigeuze chini. Fanya mara 10, na urudie mara kadhaa kwa siku. Maumivu kidogo si ubaya. Yakidumu hadi kesho yake, punguza.

Anza na kifungo cha shati, halafu kikombe. Mwiko wa bukari na ndoo ya maji vingoje. Nyundo na sururu vingoje zaidi: kwa kazi nzito mara nyingi ni kama miezi 3, na nguvu za kushika zinaweza kuchukua hata mwaka kurudi.

Siku moja kidole gumba kikikataa kuinuka, hata bila maumivu, rudi: huenda mshipa wake umekatika. Mkono ukibaki umevimba, unang'aa na kuwaka kama moto, rudi pia.

KABLA YA KUTOKA KWA MGANGA, uliza haya matano:

1. Nirudi siku gani?
2. Picha nyingine ni lini?
3. Platre itatoka lini?
4. Nisogeze nini, nisisogeze nini?
5. Kazi gani naweza kufanya, tangu lini?

Omba majibu yaandikwe kwenye karatasi. Nenda na mke wako au mtoto mkubwa. Masikio manne husikia kuliko mawili.

Nawe mama, karatasi hiyo itunze wewe. Jirani akija na shauri lake, msomee.

Ikiwa uliumia kazini, mwambie shefu siku ile ile ili ajali iandikwe. Ukirudi kazini, mwonyeshe maneno ya mganga. Usijifanye shujaa: mkono usioweza kushika ngazi ni hatari kwako na kwa mwenzako aliye chini yako.

Nyundo ikivunjika, magazini kuna nyingine. Mkono hauko magazini.

KUULIZA SI HAYA!