Wati za kwenye boksi hazipigi muziki: Redio ya kwanza ya gari kwa fedha kidogo

Gari lililotumika likishushwa bandarini Dar es Salaam au Mombasa, kifaa cha kwanza kumkatisha tamaa mnunuzi mara nyingi ni redio. Injini inawaka, breki zinashika, kiyoyozi kinapuliza, lakini skrini imejaa maandishi ya Kijapani na inadai kadi ya ramani iliyobaki kwa mwenye gari wa kwanza. Ukifanikiwa kuiwasha, unatafuta stesheni mwanzo hadi mwisho na kupata mbili tatu tu, au hupati kabisa.

Redio hiyo haijaharibika. Japani hutangaza FM kuanzia megahezi 76, na redio nyingi za magari yake ya miaka iliyopita zinaishia 90. Huku kwetu, kuanzia Tunduma hadi Malaba na Goma, stesheni ziko kati ya 87.5 na 108. Sehemu ambayo pande hizi mbili zinakutana ni nyembamba mno.

Kwa mtu wa safari za mjini hiyo ni kero ndogo. Kwa mfanyabiashara anayelala Namanga na kesho yake anaingia Nairobi na mzigo wa nyanya, redio ndiyo inayomwambia barabara ipi imekatwa na mvua, na mafuta yamepanda kiasi gani. Bei mpya za mafuta Kenya hutangazwa tarehe 14 ya kila mwezi, na Tanzania Jumatano ya kwanza ya mwezi. Ukizisikia mapema unajua ujazie tangi upande upi wa mpaka.

Dawa ya bei rahisi kabisa ni kidude kinachochomekwa kati ya waya wa antena na redio, ambacho mafundi wanakiita ekspanda. Kazi yake ni kushusha masafa. Kile kinachoshusha megahezi 20 kitaileta Radio Citizen, inayosikika Nairobi kwenye 106.7, ionekane kwenye 86.7. Tatizo ni kwamba stesheni zilizo kati ya 90 na 96 zinashushwa hadi chini ya 76, mahali ambapo redio ya Kijapani haifiki, kwa hiyo zinapotea. Tena, kwa mtu ambaye stesheni zake zinabadilika kila baada ya saa mbili za safari, kupiga hesabu za kutoa huku ameshika usukani ni kutafuta ajali. Ekspanda inamfaa anayesubiri kukusanya fedha. Mwenye fedha kidogo tayari abadilishe redio yenyewe.

Kwa kuwa wasomaji wetu wanahesabu kwa shilingi za aina tatu na faranga za aina tatu, tuzungumze kwa mafungu. Ukiwa na 100 ya kutumia, 40 iende kwenye redio, 35 kwenye spika mbili za mbele, 15 kwenye soketi, waya na fyuzi, na 10 kwa fundi. Wengi hufanya kinyume: 80 inaishia kwenye redio yenye skrini kubwa, kisha inaunganishwa kwenye spika za karatasi zilizochanika tangu gari likiwa Yokohama. Skrini haina sauti. Redio ya kawaida yenye FM hadi 108, tundu la flashi na Bluetooth ya kupokelea simu inatosha kabisa, na haiwavutii wezi kwenye maegesho ya mpakani.

Sasa wati. Boksi limeandikwa wati 50 mara 4, yaani 200. Kabla hujashangilia, geuza redio uangalie fyuzi iliyo nyuma yake. Nyingi zina fyuzi ya ampea 10. Injini ikiwa inanguruma, umeme wa gari dogo ni kama volti 14. Zidisha: 10 kwa 14 ni wati 140, na bado hujaondoa umeme unaowasha taa za redio na ule unaopotea kuwa joto. Wati 200 za mfululizo haziwezi kupita kwenye mlango wa 140. Ukweli ni kati ya wati 15 na 20 kwa kila spika, na kwenye karatasi ya maelezo kipimo hicho cha kweli huandikwa RMS. Hiyo ndiyo namba ya kumuuliza muuzaji. Akikosa jibu, nenda duka la pili. Kariakoo, Luthuli Avenue ya Nairobi na Kisekka ya Kampala hazina uhaba wa maduka.

Wati 15 zinatosha gari zima iwapo spika ni nyepesi kusukumwa. Hilo linapimwa kwa desibeli, na tofauti ya desibeli 3 ni sawa na kuongeza wati mara mbili. Spika ya desibeli 91 inayopewa wati 15 inasikika sawa na ya 88 inayopewa wati 30. Kwa redio isiyo na amplifaya, tafuta spika ya 90 au zaidi, yenye omu 4. Milango ya mbele ya Toyota nyingi inapokea spika za inchi 6 na nusu, lakini pima ya kwako, na upime kina pia kioo kikiwa kimeshushwa chini kabisa. Spika yenye sumaku nene ikigusana na kioo, utanunua kioo.

Zile spika za yai za inchi 6 kwa 9 za kuweka nyuma zinaweza kusubiri. Anayesikiliza yuko mbele, na nyuma kuna magunia. Kitu ambacho hakipaswi kusubiri ni kuikaza spika vizuri mlangoni na kuziba nafasi zinazoizunguka kwa sponji au mpira. Besi nyingi inayodhaniwa haipo huwa inapotelea hapo.

Ukubwa wa redio nao una mtego. Ya ukubwa mmoja ina kimo cha sentimita 5, ya mara mbili sentimita 10, na zote zina upana wa karibu 18. Toyota nyingi za Japani zina nafasi ya sentimita 20. Redio ya 18 itaingia, ila itaacha upenyo pembeni unaohitaji fremu ya plastiki. Inunue siku hiyohiyo dukani. Kuifuata baadaye ng'ambo ya mpaka ni nauli mbili kwa plastiki moja.

Wenye malori wasikie hili peke yao. Fuso, na Canter nyingi, zinatumia volti 24 kutoka betri mbili. Redio ya volti 12 ikiunganishwa moja kwa moja inaungua. Mafundi wengine hukwepa kwa kuchukua umeme kwenye betri moja tu. Redio italia, lakini betri ile moja itakuwa inanyonywa huku mwenzake ikichajiwa kupita kiasi, na baada ya miezi zote mbili zinakufa. Nunua kipunguza volti cha 24 kwenda 12, kisha endelea kama wenye magari madogo.

Kwenye ufungaji ndiko fedha zinakookolewa au kuteketea. Usikubali fundi akate soketi ya gari. Zipo soketi za kuunganishia, upande mmoja wa Toyota au Nissan na upande mwingine wa redio mpya, na bei yake ni ndogo kuliko ya kurudisha waya zilizokatwa siku unapotaka kuuza gari. Redio nyingi za madukani zina rangi zinazofanana: njano ni umeme wa kudumu kutoka betri, nyekundu ni umeme unaokuja ufunguo ukiwashwa, nyeusi ni hasi. Nyeupe na kijivu ni spika za mbele, kijani na zambarau ni za nyuma. Njano na nyekundu zikibadilishana, redio itasahau stesheni zote kila unapozima gari. Zikifungwa pamoja, haitazimika na ufunguo, na asubuhi gari litasukumwa.

Maungio yalehemiwe au yabanwe kwa vibanio. Waya uliosokotwa na kuzungushiwa utepe mweusi unaonekana safi siku ya kwanza. Joto la Mombasa au Moshi likiyeyusha gundi, utepe unafunguka na waya zinagusana nyuma ya dashibodi, usipoziona. Redio nzima ina fyuzi yake, ila umeme wowote unaovutwa upya kutoka betri uwe na fyuzi nyingine isiyozidi nusu mita kutoka betri. Bila hiyo, waya ukichubuka njiani unageuka kibiriti. Na waya wenyewe ukwangue kwa wembe dukani: ukiona weupe chini ya rangi ya shaba, hiyo ni alumini iliyopakwa, inayobeba umeme kidogo kuliko unene wake unavyoahidi.

Foleni ya mpakani nayo ina hesabu yake. Betri ndogo ya ampea 45 kwa saa haitakiwi kutumika zaidi ya nusu kama unataka iwashe injini. Muziki unaokula ampea 5 injini ikiwa imezimwa unaifikisha hapo kabla ya saa tano. Ukiongeza amplifaya na sabufa, saa hizo zinakuwa dakika, ndiyo maana siishauri kwa gari la mzigo mpaka betri na waya vikubaliane nayo.

Anayenunua nchi moja na kufunga nyingine achukue risiti na kuitangaza redio forodhani. Cheti cha uasilia kilichorahisishwa, cha mizigo isiyozidi dola 2,000, ni cha bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya. Redio iliyotengenezwa China haigeuki mali ya Afrika Mashariki kwa kupita Kariakoo. Na iwashwe kwenye betri hapo dukani, ijaribiwe FM, flashi na simu, maana dhamana ya duka lililo ng'ambo ni ngumu kuidai.

Kwa fundi pia usiondoke mbio. Zima ufunguo uone kama redio inazimika, washa tena uone kama imekumbuka stesheni. Sukuma sauti yote kushoto, kisha kulia, kisha irudishe katikati. Besi ikipungua sauti inapokuwa katikati, spika moja imefungwa chanya na hasi kinyume, mwambie aigeuze. Mwisho acha muziki wa juu ulie dakika kumi na uguse waya zilizo karibu na fyuzi. Zikiwa na joto, dashibodi ifunguliwe tena kabla hujamlipa.