Chupa za Kale katika Majalala ya Mwanza

Kufukua majalala ya zamani kutafuta chupa za vioo ni shughuli iliyozoeleka Uingereza na Marekani, ambako chupa za karne ya 19 zina wanunuzi wake. Mwambao wa Ziwa Victoria nao una hazina ya aina hiyo, kwa kuwa kila walipokaa watu walioagiza vinywaji na dawa kutoka ng'ambo hapakukosa shimo la taka. Misheni ya Bukumbi, iliyoanzishwa na Mapadri Weupe mwaka 1883, boma la Wajerumani la Mwanza la mwaka 1892, na mgodi wa dhahabu wa Geita uliofungwa mwaka 1966 ni mifano ya makazi hayo.

Umri wa chupa husomwa katika umbo lake. Chupa iliyopulizwa ndani ya kalibu, yaani chombo cha kuipa umbo, huwa na mshono unaopanda ubavuni na kukoma shingoni, kwa sababu mdomo ulimaliziwa kwa mkono. Ilhali mshono wa chupa ya mashine, iliyoenea baada ya uvumbuzi wa Mmarekani Michael Owens mwanzoni mwa karne ya 20, hufika hadi ukingoni. Mdomo uliotengenezwa kwa kizibo cha bati hauwezi kutangulia mwaka 1892, William Painter alipokipatia hataza. Chupa ya soda ya Hiram Codd, ya mwaka 1872, ilizibwa kwa gololi ya kioo iliyosukumwa na gesi hadi ikabana kwenye pete ya mpira shingoni, na watoto waliivunja ili waitoe gololi, jambo linalozifanya chupa nzima za aina hiyo kuwa adimu.

Hata hivyo, tarehe ya kutengenezwa si tarehe ya kutupwa. Wapagazi walipokuwa wakibeba mizigo kwa miguu kutoka pwani ya Bahari ya Hindi, chupa ilikuwa mali, na hata baada ya reli ya Mombasa kufika Kisumu mwaka 1901 na meli kuvusha bidhaa hadi Mwanza, chupa tupu iliendelea kuwekewa mafuta ya taa, samli au asali kwa miaka mingi. Kwa hiyo chupa huthibitisha tu kwamba tabaka la udongo lililoifunika halikutangulia kutengenezwa kwake. Mengine yote hutokana na kina ilipolala na vitu vilivyolala kando yake, kama vigae, mifupa na shanga.

Hapo ndipo uchimbaji wa pupa unapoleta hasara, maana anayeng'oa chupa moja nzuri huvuruga matabaka yasiyoweza kupangwa tena, mbali na hatari ya kufukiwa na kifusi au kupata pepopunda. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 huvilinda moja kwa moja vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863, hivyo karibu chupa zote za makazi haya hubaki nje ya kinga hiyo. Ulinzi wake unategemea wanavijiji wenyewe: anayekutana na chupa akichimba msingi au choo aandike mahali na kina chake, vipande visivyo na thamani sokoni avihifadhi pamoja nayo, kisha aitaarifu Idara ya Mambo ya Kale. Chupa iliyoandikiwa kumbukumbu kwa namna hiyo inaweza kueleza biashara na maisha ya mwambao huu, lakini iliyouzwa bila maelezo haielezi zaidi ya kiwanda kilichoitengeneza.