Kopo la Kenya, kopo la California: hesabu ya onyo la sumu

Mikrogramu 4 na mikrogramu 177. Namba hizi mbili ni za kinywaji kimoja, Coca-Cola, na zilitoka katika vipimo vilivyotangazwa Juni 2012 na shirika la kutetea walaji la Marekani, Center for Science in the Public Interest. Kilichopimwa ni 4-MEI, kemikali inayojitokeza wakati wa kutengeneza aina fulani za rangi ya karameli, ile inayokipa kinywaji weusi wake. Katika kila mililita 355, yaani ujazo wa kopo la kawaida la Marekani, kinywaji kilichonunuliwa California kilikuwa na mikrogramu 4. Cha Washington, D.C. kilikuwa na 144, cha Uingereza 145, na cha Kenya 177.

Ukigawanya 177 kwa 4 unapata 44. Jina ni lilelile na rangi ni ileile, lakini mnywaji wa Kenya alikunywa kemikali hiyo mara 44 zaidi ya mnywaji wa California. Tofauti hiyo ilianzia kwenye kura iliyopigwa California miaka 26 kabla ya vipimo hivyo. Inafaa tuifuate kwa namba, kwa sababu inaonyesha ni kiasi gani sheria ya onyo inagharimu, nani analipa, na nani anabaki nje ya ulinzi wake.

Sheria isiyopiga marufuku

Novemba 1986, wapigakura wa California walipitisha Pendekezo la 65 kwa takriban asilimia 63 ya kura. Sheria hiyo ina makatazo mawili. Biashara isimwage kwa makusudi kemikali iliyoorodheshwa kwenye vyanzo vya maji ya kunywa, na isimweke mtu kwenye hatari ya kemikali hiyo bila kwanza kumpa onyo lililo wazi. Biashara yenye wafanyakazi chini ya 10 haiguswi.

Orodha husimamiwa na ofisi ya jimbo inayoitwa OEHHA, na leo ina kemikali zaidi ya 900 zinazosababisha saratani au madhara ya uzazi. Kuwamo katika orodha si kupigwa marufuku. Mtengenezaji anaruhusiwa kuuza, mradi aseme. Baada ya kemikali kuorodheshwa, biashara hupewa miezi 12 ya kujiandaa, kisha onyo huwa la lazima.

Kwa 4-MEI saa ilianza kuhesabu Januari 2011, baada ya utafiti wa serikali ya Marekani kuihusisha kemikali hiyo na uvimbe katika mapafu ya panya. OEHHA iliweka kiwango cha mikrogramu 29 kwa siku. Kwa kemikali za saratani, kiwango cha namna hiyo hukokotolewa hivi: mtu akiipata kila siku kwa miaka 70, isiongeze zaidi ya mgonjwa mmoja katika kila watu 100,000. Aliyezidisha hana budi kubandika onyo.

Machi 2012, Coca-Cola na PepsiCo walitangaza kwamba wauzaji wao wa karameli wanabadili namna ya kuitengeneza. Coca-Cola ilisisitiza kwamba kinywaji chake kilikuwa salama tangu mwanzo. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani nayo ilieleza kwamba mtu angehitaji kunywa makopo zaidi ya 1,000 kwa siku ili kufikia dozi walizopewa wanyama wa maabara. Haki itendeke: kopo la Kenya halikuwa la kuua. Lakini kampuni hiyohiyo ilisema mabadiliko hayatagusa rangi wala ladha. Kama kemikali inaweza kuondolewa bila mnywaji kuonja tofauti yoyote, ni haki kuuliza kwa nini iliondolewa kwanza pale tu ambapo ingeandikwa kwenye kopo.

Bei ya kunyamaza

Jibu liko kwenye namba nyingine: dola 2,500. Hiyo ndiyo faini ya juu kabisa kwa kila kosa, kwa kila siku. Chukua bidhaa moja inayouzwa kwa mtu mmoja tu kila siku bila onyo. Kwa mwaka, 2,500 mara 365 ni dola 912,500. Ikiuzwa kwa watu 10 kila siku, na kila mauzo yakahesabiwa kuwa kosa, hesabu inapita dola milioni 9. Hakimu huzingatia mambo mengi na mara chache hufika huko, lakini hesabu hiyo ndiyo mwanasheria wa kampuni anayoiweka mezani kwa bosi wake.

Kiwango chenyewe kinaweza kuwa kidogo mno. Kwa madini ya risasi, kiwango cha madhara ya uzazi ni mikrogramu 0.5 kwa siku. Chukua kijiko cha chai cha sukari, gramu 4 hivi, ukigawe mafungu milioni 8. Fungu moja ndilo hilo. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, kwa upande wake, hutumia mikrogramu 2.2 kwa siku kama kiwango cha rejea kwa watoto, zaidi ya mara nne ya kile cha California. Ukali huo unatokana na sheria yenyewe: kwa madhara ya uzazi, dozi ambayo haikuonyesha madhara yoyote hugawanywa kwa 1,000.

Kisha kuna mzigo wa kuthibitisha. Mdai akionyesha kwamba kemikali imo na onyo halipo, ni kampuni inayopaswa kuthibitisha kwamba kiasi kiko chini ya kiwango. Kupima risasi katika sampuli moja si kazi ghali. Kinachogharimu ni kumlipa mtaalamu akokotoe mtu hula kiasi gani, mara ngapi kwa juma, na kinachoingia mwilini ni kiasi gani. Kampuni nyingi huona nafuu kumalizana mapema.

Askari wa kukodiwa

Jimbo lenye watu karibu milioni 39 haliwezi kuweka mkaguzi katika kila duka. Kwa hiyo sheria iliwapa wananchi rungu. Mtu yeyote anaweza kutuma notisi kwa kampuni na kwa Mwanasheria Mkuu wa jimbo, kisha akasubiri siku 60. Mwanasheria wa serikali asipoichukua kesi, aliyetuma notisi anaweza kushtaki kwa niaba ya umma. Katika faini itakayolipwa, robo tatu huenda serikalini na robo moja hubaki kwa mdai. Ada za mawakili wake hulipwa kando, na mdaiwa.

Mfumo huo umezaa tasnia nzima. Mwaka 2024 zilitumwa notisi zaidi ya 5,000, na sehemu kubwa ya notisi za kila mwaka hutoka kwa kundi dogo la wadai na mawakili wao, wale wale mwaka hata mwaka. Mwaka 2015 wadai binafsi walifikia makubaliano 582 yenye thamani ya takriban dola milioni 26.2. Wastani ni kama dola 45,000 kwa kila moja. Mawakili walichukua karibu milioni 17.8, yaani asilimia 68. Kwa kesi ya wastani, basi, karibu dola 30,600 zilikwenda kwa mawakili, na 14,400 zilizobaki ndizo zilizogawanywa kuwa faini na malipo mengine. Mwaka 2018 jumla ilipanda hadi dola milioni 35 kwa makubaliano 829, na mgao wa mawakili ukazidi robo tatu.

Hapo ndipo wakosoaji wanapochomoa kisu, na hoja yao ina uzito. Mwenye kiwanda kidogo cha viungo au vyombo vya udongo anayepokea notisi anajua kwamba kupigana kutamgharimu kuliko kulipa. Onyo la ziada, kwa upande mwingine, halina adhabu. Ukilinganisha gharama ya stika na wastani wa dola 45,000, huhitaji mhasibu. Ndiyo maana maonyo yamejaa hotelini, kwenye maegesho ya magari, hata kwenye lango la Disneyland. Huenda umeyaona huku kwetu pia, kwenye pakiti ya waya wa umeme au vifaa vya simu: pembetatu ya njano yenye alama ya mshangao, na chini yake jina la jimbo ambalo hujawahi kulikanyaga. Kiwanda huchapa lebo moja kwa dunia nzima. Onyo lililoko kila mahali halimsaidii mama anayechagua sahani ya mtoto wake.

Faida isiyobandikwa

Lakini kuihesabu sheria hii kwa stika ni kukosea mahali pa kutazama. Faida yake kubwa iko kwenye bidhaa zisizo na stika, kwa sababu kemikali yenyewe imeondolewa. Mwaka 2008, baada ya kushtakiwa na Mwanasheria Mkuu wa California, watengenezaji wakubwa wa viazi vya kukaanga walikubali kupunguza akrilamidi ndani ya miaka mitatu. Makubaliano na watengenezaji wa vyombo vya udongo na wa peremende yalipunguza risasi mezani na vinywani mwa watoto. Watafiti wa Silent Spring Institute waliwahoji viongozi 32 wa biashara, na asilimia 78 walisema sheria hiyo iliwasukuma kubadili viambato vya bidhaa zao. Watafiti hao pia walifuatilia kemikali katika damu na mkojo wa Wamarekani, wakakuta nyingi zimepungua baada ya kuorodheshwa, ndani ya California na nje yake.

Faida hiyo haina risiti. Dola milioni 17.8 za mawakili zimeandikwa katika ripoti ya serikali, lakini mtoto ambaye madini ya risasi hayakuingia mwilini mwake haandikwi popote.

Pwani ya Kenya tunajua gharama ya upande wa pili, wa kukosa sheria ya namna hiyo. Katika kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri za magari kiliwaachia wakazi risasi mwilini. Kesi ilifunguliwa 2016, Mahakama ya Mazingira na Ardhi ikaamuru fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020, rufaa ikaivuruga, na Mahakama ya Juu ya Kenya ikairejesha Desemba 2024. Ni miaka minane ya mahakamani, na saa ilianza kuhesabu baada ya watu kuumia. California saa huanza kemikali inapoingia kwenye orodha, kabla mgonjwa hajapatikana.

Hatuhitaji kunakili kila kitu. Mgao wa mawakili unaweza kuwekewa kikomo, na onyo lisilo na msingi linaweza kuadhibiwa pia. Kinachostahili kuchukuliwa ni vitu vitatu: orodha yenye viwango vilivyoandikwa kwa tarakimu, mzigo wa kuthibitisha kuwa juu ya anayeuza, na haki ya mwananchi kushtaki. Hiyo ya tatu Kenya inayo tayari kwa masuala ya mazingira: ibara ya 70 ya Katiba ya 2010 haimtaki mlalamikaji aonyeshe kwamba kuna mtu aliyepata hasara au kuumia. Ipelekwe sasa hadi kwenye rafu za maduka.

Kopo la California lilishuka hadi mikrogramu 4 kwa sababu muuzaji aliijua bei ya kutoshuka: dola 2,500 kwa kosa, kwa siku. Kwa kopo la Kenya, mwaka ule, hakuna aliyekuwa ameiandika bei hiyo.