Nondo Ajivikaye Vazi la Nyigu

Watu wengi wamwonapo mdudu mwembamba mwenye mabawa maangavu akiruka mchana juu ya matuta ya viazi vitamu, husema mara moja, "Huyu ni nyigu," wakajitenga naye kwa kuogopa kuumwa. Pengine wasemayo ni kweli. Lakini pengine mdudu huyo si nyigu kamwe, bali ni nondo. Hana mwiba wala sumu, na jambo lililomleta ni kutaga mayai yake juu ya mashina ya viazi. Kwa hiyo tumeona yafaa kuwaeleza wasomaji wetu habari zake, maana viazi vitamu ni akiba ya nyumba nyingi wakati mahindi na mtama vinapokauka kwa kukosa mvua, na adui asiyejulikana hapigwi vita.

Kwanza tutazame jinsi wataalamu wapangavyo wadudu. Hufanya kama wazee wahesabuvyo watu: kuna kabila, na ndani ya kabila zimo koo, na ndani ya ukoo imo milango. Nyigu, nyuki na siafu ni wa kabila moja. Vipepeo na nondo ni wa kabila jingine, liitwalo Lepidoptera, na maana yake kwa Kiyunani ni mabawa ya magamba. Ukimshika kipepeo, unga ubakio vidoleni si vumbi la njiani. Ni magamba madogo sana, yaliyopangwa juu ya bawa kama makuti juu ya paa.

Katika kabila hilo umo ukoo uitwao Sesiidae, nao una aina zaidi ya 1,400 zilizokwisha kuandikwa duniani. Hawa ndio nondo wa mabawa ya kioo. Sehemu kubwa ya mabawa yao haina magamba, hata mtu aweza kuona ng'ambo ya pili kama aonavyo kwa kioo cha dirisha. Magamba hubaki ukingoni na juu ya mishipa ya bawa. Wengi wao wana mistari ya manjano au myekundu tumboni, kadhalika huruka mchana, ijapokuwa nondo walio wengi huruka usiku.

Vazi hilo lina faida gani? Ndege aliyekwisha kuumwa na nyigu hujifunza kuogopa kila mdudu mwenye umbo na rangi kama zile. Basi nondo aliyefanana kidogo na nyigu aliponea, akazaa, asiyefanana akaliwa. Vizazi vingi vilipopita, mfano ukazidi kuwa karibu. Mwaka 1862 Mwingereza Henry Walter Bates, aliyekuwa amekaa miaka 11 katika misitu ya mto Amazon, alieleza habari hii kwa vipepeo wa huko: asiye na silaha hujivika sura ya mwenye silaha.

Lakini aangaliaye vema hadanganyiki. Nyigu ana kiuno chembamba sana. Nondo hana kiuno cha namna hiyo. Nyigu ana mataya ya kutafunia, nondo hana. Tena mwili wa nondo umefunikwa kwa magamba, nayo hutoka ukiusugua. Mwalimu atakaye kuwaonyesha watoto na atafute wadudu waliokwisha kufa, awaweke wawili hao pamoja juu ya karatasi nyeupe.

Sasa tuje shambani mwetu. Mwaka 1968 mtaalamu Mwingereza J. D. Bradley aliandika habari za aina mbili mpya za nondo hawa, zilizopatikana katika mashina ya viazi vitamu hapa Afrika Mashariki, akaziita Synanthedon dasysceles na Synanthedon leptosceles. Jike hutaga mayai, yapata 70 hata 100 kwa fungu moja, juu ya mashina na vikonyo vya majani. Viwavi waangukapo, hutoboa shina na kuingia ndani. Ni weupe, na ngozi yao karibu huonyesha yaliyo ndani. Humo hula na kuchimba njia, hata shina karibu na udongo likavimba na kupasuka. Pengine hushuka mpaka kiazi chenyewe. Kiwavi akiisha kukua, hugeuka kuwa bundo humo humo. Na nondo atokapo, ganda tupu la bundo huonekana limechomoza katika shina. Hapo ndipo twaona kweli ya mithali, kikulacho ki nguoni mwako.

Mkulima afanyeje? Asikate mbegu upande wa chini wa shina la zamani, bali achukue ncha changa zisizo na uvimbe wala tundu. Apalilie na kuinua udongo juu ya matuta, ufunike vema mwanzo wa shina. Asipande shamba jipya karibu na la zamani, wala mahali pale pale kila mwaka. Tena akiisha kuvuna, asiyaache mashina yaliyovimba yakilala shambani. Ayakusanye na kuyachoma moto. Mambo haya hayana gharama, ila yataka umoja, kwa kuwa nondo ana mabawa wala hajui mpaka wa shamba la mtu. Wazee wa vijiji waweza kusaidia sana wakiwahimiza watu kuyafanya kwa wakati mmoja.

Neno moja limebaki. Mtu asije akasoma habari hizi, kisha akaenda kuwaua nyigu wote awaonao. Nyigu wengi huwinda viwavi ili kuwalisha watoto wao, na hivyo humsaidia mkulima bila ujira. Atakaye kumjua rafiki na adui, na atazame kiuno na mataya, asitazame vazi peke yake.