Je, Wajua? Sauti kwa Rupia 50

Huko Bangalore, India, daktari mpasuaji Vishal Rao na rafiki yake mhandisi, Shashank Mahesh, walibuni kifaa cha kuwarudishia sauti waliokatwa zoloto kwa sababu ya saratani. Kinaitwa Aum. Bei waliyoipanga: rupia 50, chini ya dola moja ya Marekani! Vya kutoka ng'ambo hugharimu maelfu ya rupia, tena huchakaa na kuhitaji kubadilishwa.

Mgonjwa wa aina hii hupumulia tundu la shingoni. Kifaa hicho, kivali kidogo, huwekwa kati ya njia ya hewa na umio. Akiziba tundu kwa kidole, pumzi hupenya hadi kwenye umio, kuta zikatetemeka, naye akasema.

Nawe, sauti ikikwaruza zaidi ya wiki tatu, kamwone daktari: huenda ni dalili ya saratani ya zoloto.